Mume Mwenza Aliyekaa Maabara

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutufuta machozi, familia imenituma mimi, shemeji wa marehemu, niwasomee safari ya maisha yake, na kaka yangu, mfiwa, ameomba nisiufiche wivu wake, kwa kuwa mtaa mzima unaujua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1971, kitinda mimba wa mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1984, sekondari mwaka 1988, kisha akahitimu chuo cha maabara mwaka 1993, akaajiriwa hospitali ya wilaya kuchunguza kwa hadubini vinyama vilivyokatwa miilini mwa wagonjwa, kazi aliyoipenda kupita kiasi.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, lakini bwana harusi aligundua mapema kwamba hayuko peke yake, maana bibie akirudi jioni alisimulia ya kwenye lenzi mpaka chai inapoa, naye fundi akaibandika ile hadubini jina la mume mwenza.

Mwezi Machi 2021 marehemu aligundulika na uvimbe kwenye figo, kinyama chake kikasomwa na mwenzake wa meza moja, bwana mpole, ambaye kwa hiyo alijua kabla ya mume, na jambo hilo lilimchoma kaka yangu, akagoma hata kumpa mkono bwana huyo.

Marehemu hakubishana naye, alimpeleka maabara, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamwonyesha uvimbe na askari wa mwili, yaani chembe za kinga, waliouzunguka, akamweleza kwamba uvimbe hauwashindi kwa nguvu, bali huwatumia ishara za kuwatuliza, wakaweka silaha chini, wengine wakageuka kuutumikia. Kaka yangu alitazama mpaka machozi yakamtoka, akawaonea wivu askari wale, waliokaa karibu naye kiasi kile na bado wakalala, akasema angekuwa yeye asingesinzia.

Dawa za kuwaamsha askari zilifanya kazi miaka miwili, halafu uvimbe ukapata hila nyingine, na Jumanne tarehe 6 Juni 2023 marehemu alifariki nyumbani, mumewe akiwa macho kando yake.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wafanyakazi wa maabara, hasa yule bwana wa meza moja, ambaye kaka yangu amemwita leo akae naye kiti cha mbele.

Shemeji, pumzika kwa amani, askari wako hajalala bado.