Mererid Pugh, Mkuu wa Klabu Aliyewaogopa Farasi

Ndugu na majirani, mmekuja wengi mpaka wengine mmekosa viti na kusimama nje makaburini. Na wengine mmekuja na farasi, jambo ambalo mchungaji amelikubali kwa shingo upande. Mimi ni Ifor Bebb, mdogo wake marehemu. Nafuga kondoo. Dada aliagiza wasifu wake niusome mimi kwa sababu, alisema, mtu wa kondoo hatatia chumvi kwenye habari za farasi.

Marehemu Mererid Haf Pugh alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Machi 1946, katika shamba la Cwm Helyg juu ya kijiji hiki cha Llanhelyg, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Elis na Bi. Annie Bebb. Mimi nilifuata baada ya miaka minne, na baada yangu wazazi wakaona yatosha. Alipokuwa na umri wa miaka saba, farasi wa muuza makaa alimkanyaga mguu mbele ya mlango wa jikoni, akatulia juu ya kidole gumba chake huku muuza makaa akibishana na mama kuhusu magunia. Tangu siku hiyo, Mererid akisikia kwato barabarani alikwea ukuta wa mawe na kungoja zipite. Nalisema hili mapema kwa sababu ninyi vijana mnadhani dada yangu alizaliwa kwenye banda la farasi. Aliwaogopa farasi. Aliwaogopa mpaka kufa kwake, na hakuwahi kumpanda hata mmoja.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1951, kisha sekondari ya wasichana mjini, alikomaliza mwaka 1962. Hesabu hazikumpenda. Lakini katika tamasha la mashairi la kijiji alishinda kiti, ndiyo zawadi ya mshindi wa kukariri, miaka mitatu mfululizo, na baba alikuwa akijigamba kwamba binti yake akisema "amina" mbele kanisani, mbwa wetu nyumbani huinua kichwa. Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mwaka 1963 aliajiriwa kuunganisha simu mjini Rhayader, akakaa kwenye ubao ule wa waya hadi mashine zilipoichukua kazi hiyo mwaka 1974. Alikuwa akisema kwamba mtu anavyotaja namba tu, yeye ameshajua kama nyumbani kuna amani.

Huko kwenye simu ndiko alikompata mume. Kila asubuhi dereva mmoja wa lori la chakula cha mifugo alipiga kuuliza ni saa ngapi. Siku moja Mererid akamwambia, "Bwana Pugh, mimi nimekuona sokoni, saa unayo mkononi, tena kubwa kama kisahani." Yule bwana akajibu, "Ninayo, lakini haina sauti nzuri." Walifunga ndoa katika kanisa hili hili tarehe 13 Septemba 1969, yeye na Tecwyn, wakajaliwa Idwal mwaka 1971 na Tesni mwaka 1973. Walihamia shamba la Penlan, na baadaye wakajenga mabanda ya kulaza farasi wa watu. Huo ndio ukawa mkate wao.

Farasi waliingiaje katika maisha ya mwanamke wa namna hiyo? Waliletwa na Tesni. Mtoto huyu hakutaka mwanasesere wala baiskeli. Alitaka Klabu ya Farasi Wadogo, na mwaka 1981 akaandikishwa. Kila Jumamosi mama yake alimfikisha uwanjani, kisha akabaki nje ya lango, mvua inyeshe isinyeshe, amefunga kitambaa kichwani. Mkuu wa klabu wakati huo alikuwa Bi. Olwen Vaughan, na subira haikuwa sifa yake.

"Mama Tesni, huko nje unalinda nini?" alimwuliza.

"Nawaogopa."

"Na wao wanakuogopa wewe na hicho kitambaa. Ingia, shika ukwato huu."

Aliingia. Aliushika. Alitetemeka kiasi kwamba farasi mwenyewe aligeuka kumtazama. Lakini kwenye ukwato ule kulikuwa na jiwe, na alilitoa. Jumamosi iliyofuata alirudi na ndani akaingia bila kuitwa.

Kuanzia hapo dada alijifunza kama mtu anayejifunza lugha ya adui. Alijua chakula chao, meno yao, joto la miguu yao, harufu ya kwato zinazooza. Wenzake waliokua pamoja na farasi walitazama na kuona mazuri, yeye alitazama na kuona hatari, na ndiyo maana alikuwa wa kwanza kuona kila kilichokuwa na kasoro. Watoto waliomwita Anti Mererid walijua kwamba kabla ya salamu atampapasa farasi chini ya taya, na kabla ya sifa atainua mkia.

Bi. Vaughan alipostaafu mwaka 1989, wazazi walikutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, kila mtu akitazama viatu vyake, maana kazi ile haina malipo na lawama zake hazina mwisho. Mtu akalitaja jina la Mererid. Bwana Hywel Prosser, ambaye yuko hapa leo na amenipa ruhusa, alisimama akacheka.

"Mkuu wa klabu ya farasi asiyepanda farasi? Jamani, si bora tumchague mbwa wangu!"

Mererid akamjibu bila kupandisha sauti, "Mbwa wako namheshimu, Hywel. Angekuwa yeye anayemlisha yule jike wako mweupe, asingekuwa na tumbo lile."

Alichaguliwa. Alishika kazi hiyo miaka ishirini na tisa. Siku alipotimiza sitini, watoto walimletea farasi mpole aliyetiwa maua shingoni wakamsihi apande walau mara moja. Aliwaambia, "Mimi nilikuja kuwatunza, sikuja kuwakalia." Maua akayachukua.

Sasa nifike mwaka 1996, kwa sababu bila mwaka huo mtakuwa mmemzika mtu mwingine.

Kambi ya klabu mnaijua. Ni wiki moja ya kiangazi, watoto wa bonde zima wanalala kwenye matrela ya farasi yaliyofagiliwa, wanakula soseji zilizoungua, na hawaogi kama farasi zao wanavyoogeshwa. Kuna watoto ambao mwaka mzima huishi kwa ajili ya wiki hiyo. Mwaka ule, siku chache kabla ya kambi, Mererid alimpapasa Taran, farasi mzee wa Tesni aliyekuwa akifundishia watoto wadogo, akakuta uvimbe chini ya taya. Daktari wa mifugo akathibitisha. Ulikuwa ule ugonjwa wa koo, unaovimbisha tezi na kutoa usaha puani, unaohama kutoka farasi hadi farasi kwa ndoo moja tu ya maji.

Wageni wetu wanisamehe, lakini ugonjwa huo katika nchi hii haukuwa ukitajwa. Mwenye farasi alifunga banda, akasema "ana mafua kidogo," akaomba Mungu. Kuutaja ilikuwa kama kutangaza kwamba nyumba yako ni chafu. Na Penlan walikuwa wakiishi kwa farasi wa watu. Shemeji yangu Tecwyn, Mungu amrehemu, alimwambia pale pale bandani, "Mke wangu, tukilisema hili tumekwisha. Watu watawahamisha farasi wao wote."

"Watawahamisha wakiwa wazima," dada akasema, akaingia ndani kuosha mikono.

Akakaa kwenye ngazi na simu magotini. Alizipigia nyumba zote za klabu, moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya kazini. "Habari za asubuhi, Bi. Gittins. Mererid hapa, wa Penlan. Taran ana ugonjwa wa koo. Ndiyo, umesikia vizuri. Kambi hakuna. Nenda ukampapase farasi wenu chini ya taya sasa hivi, mimi nakungoja." Na alingoja kweli, simu ikiwa wazi, mpaka mtu aende bandani na kurudi. Nyumba ya Gittins aliyeirudia simu alikuwa binti yao, Cadi, mwenye umri wa miaka tisa. Alimpigia kelele, "Nakuchukia, Anti Mererid!" Dada akasema, "Nichukie, mwanangu, una haki. Je, umemkuta na uvimbe?" Hakuwa nao.

Wakati huo Tecwyn, ambaye hakukubali lakini hakumwacha mkewe, alikuwa akipaka rangi nyekundu kwenye ubao: UGONJWA WA KOO UPO HAPA. USIINGIE. Aliupigilia kwenye lango la barabarani. Magari yalipunguza mwendo kusoma, kisha yakaongeza.

Bwana Prosser alifika jioni, uso umemwiva.

"Umeliaibisha bonde zima! Watu wa ng'ambo wanatucheka!"

"Simama hapo hapo, Hywel. Ukivuka lango hili, buti zako hazirudi nyumbani."

"Na watoto utawaambia nini?"

"Nimeshawaambia. Ninyi wakubwa ndio mnaonisumbua."

Haikupita wiki, simu ya Penlan ililia. Alikuwa Hywel, na sauti yake ilikuwa ndogo. Yule jike wake mweupe alikuwa anakohoa. Hakujua amwambie nani mwingine, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa amekubali kwamba ugonjwa upo. Mererid alimweleza hatua kwa hatua: ndoo yake peke yake, mtu wake peke yake, maji ya moto shingoni mpaka jipu lipasuke. Mwisho akamwambia, "Na ubao, Hywel. Rangi nyekundu imebaki nusu kopo, Tecwyn ataiacha barabarani." Bwana Prosser alipigilia ubao wake. Baada yake wakafuata wengine wawili, na ugonjwa ukakwama kwenye malango hayo manne. Jike mweupe alipona. Taran alikuwa mzee mno, tulimzika Penlan mwezi wa tisa.

Lakini haya yote yalikuwa na gharama. Farasi wa watu waliondolewa Penlan ugonjwa ulipokwisha, na mabanda yalikaa matupu miaka miwili. Tecwyn alirudi kwenye lori na mgongo wake mbovu. Sikumsikia dada akijuta, ila nilimwona akilia mara moja, siku ile ambayo kambi ingefunguliwa, akiutazama uwanja wenye nyasi zilizokatwa na hakuna mtoto. Lakini tangu mwaka huo, katika bonde hili, mtu akishuku kitu hupaka ubao kwanza ndipo hunywa chai. Najivunia hilo kuliko kondoo wote niliowahi kuwapeleka kwenye maonyesho.

Tecwyn alitutoka mwaka 2011. Februari mwaka huu Mererid aligunduliwa na saratani ya kongosho, naye akatuomba tusimdanganye, kwa kuwa yeye hakuwahi kutudanganya. Wiki mbili zilizopita Bwana Prosser alikuja kumwona, akakaa kando ya kitanda akizungusha kofia mikononi.

"Mererid, tumekaa kikao. Mwaka huu tutaiahirisha kambi, kwa heshima yako."

Dada akafumbua macho. "Kuna farasi anayeumwa?"

"Hakuna."

"Umewapapasa?"

"Wote."

"Basi mnaahirisha nini?"

Hywel alitoka nje akalia kwenye gari lake, na mimi nikamwacha alie.

Mererid alifariki nyumbani Penlan, Jumanne tarehe 24 Julai 2018, asubuhi, Tesni akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto wawili, Idwal na Tesni. Wakwe Rhodri na Heulwen. Wajukuu watano, wanne wanaopanda farasi na mmoja, Math, anayewaogopa, aliyekuwa kipenzi chake. Pamoja nami mdogo wake. Uongozi wa klabu ameuacha kwa Cadi Gittins, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na amesema mbele yangu kwamba hamchukii tena.

Kambi itafunguliwa keshokutwa, Jumatatu, saa mbili asubuhi. Jana Cadi alinichukua tukapita mabanda yote ya bonde, akanionyesha pa kushika, nami nikashika, mtu wa kondoo mwenye umri wa miaka sitini na minane, huku nimefumba macho kwa hofu. Dada yangu, wote ni wazima. Lala sasa kwa amani.