Kahawa ya Jacinta Haiamshi Mtu

Apa kwanza. Hapana, apa vizuri, useme na jina la mama yako: haya hutamwambia mtu yeyote hapa Noonkopir. Mimi nimemwambia tu Rachel wa mboga, dada yake, na yule jirani ambaye hatusalimiani. Watoto wangu walihamia Nairobi, kwa hivyo kila asubuhi mimi, bibi kizee ambaye wote humwita Koko, hukaa kwa benchi la kahawa la Jacinta. Wanaume wanakuja, wanakunywa, macho yanafunguka, na ikifika saa tatu kila mtu ameshika njia ya kazi. Ninabaki peke yangu nikitazama barabara. Sasa wiki hii, Jacinta akienda kuteka maji, mimi hupunguza kahawa kwa mkebe wake nikajazia mahindi niliyokaanga mpaka yakawa meusi, nikasaga. Rangi ni moja. Lakini hayamwamshi mtu. Sasa wanakaa na mimi mpaka saa sita, wakipiga miayo.

— Vikombe vinne na bado nasinzia, akalia Wanjala, fundi wa mawe. Tunamwita Profesa kwa sababu aliacha shule darasa la sita.

— Ni vumbi ya simiti, akasema Parsaoti, broka wa ng'ombe. Imeingia kwa damu ikashika. Wewe sasa ni ukuta, Profesa.

— Na wewe unayekoroma ukiwa umekaa?

— Mimi ni hizi milingoti za simu. Zinavuta nguvu ya watu usiku zikijichaji. Hata ng'ombe zangu zinalala zikitembea!

— Wacha uongo. Ni mwili imezoea kahawa. Ikiiona inakuja, inasema, ah, ni huyu tu, inarudi kulala.

— Labda mmechoka, watoto wangu, nikasema. Kaeni tu.

— Koko, nikikaa nyumba ya watu itajengwa na nani?

Jacinta hakucheka. Wateja watatu walikuwa wamemhama, wakisema anauza maji meusi.

— Jacinta, usikasirike, Profesa akasema. Kesho tunajaribu kibanda cha ng'ambo ya barabara.

— Nyinyi wote?

— Wote.

Nikahisi baridi, na jua limewaka. Benchi lote! Jacinta alipoinama kupuliza jiko, nikafungua leso ambamo nilikuwa nimeificha kahawa yake ya kweli, nikaanza kuirudisha mbio mbio.

Msichana mmoja mgeni, Purity, alikuwa amesimama akingoja kikombe chake cha kwanza.

— Samahani, akauliza, huyu shosho anaweka nini kwa mkebe?

Wote wakageuka. Kahawa ilikuwa imenijaa mpaka kwa kiwiko. Jacinta akachota mkebeni, akanusa, akaweka kidogo kwa ulimi.

— Haya ni mahindi.



— Koko, Parsaoti akasema polepole, tumekukosea nini?

— Hakuna. Mkiamka, mnaenda.