Safu ya Sita ya Bibi Shamba

Na Auleria Byabato, Kidato cha Tatu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi Kokwijuka Kaijage, afisa kilimo wetu hapa Kibingo, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Wengi humwita Bibi Shamba, na baiskeli yake tunaijua kwa mlio kabla haijafika.

Alianzia Nyaishozi, kisha akahamishiwa kwetu. Fomu aliyopewa ilikuwa na safu tano: jina la kaya, ekari, miche, kilo za kahawa na ongezeko. Yeye akachukua rula, akachora ya sita na kuiandika "Wameamkaje?" Ofisini walidhani amekosea. Siku moja karani alimpigia simu: "Mama, hapa umeandika 'mtoto anakohoa'. Hiyo ni kilo ngapi?"

Akamjibu, "Mbebe mgongoni, mwanangu, halafu uniambie."

Mwaka 2019 ulikuja mpango wa kung'oa migomba katika vibanja vyetu, mashamba yanayozunguka nyumba, kahawa ijae kila mahali, ili kijiji kionyeshe ongezeko kubwa. Mzee Melkiory alikuwa ameshaanza kung'oa yake miaka michache kabla, na kilo zake za kahawa zilikuwa za kwanza kijijini. Zilisomwa mkutanoni, akapigiwa makofi. Kisha Bibi Shamba akampa fomu asome safu ya sita mwenyewe. Iliandikwa: "Wanakula mara moja kwa siku."

Mzee aliisoma kwa sauti. "Kweli," akasema, "kahawa haipikwi na maharage."

Watu wakacheka, naye akacheka. Migomba ikabaki, kahawa ikaongezwa kidogo kidogo katikati yake. Ongezeko la mwaka ule lilikuwa dogo, na Bibi Shamba hakupata cheti cha pongezi. Lakini sisi tuliokuwa darasa la nne tulikwenda shuleni tumeshiba.

Sasa fomu imeingia kwenye kishikwambi, nacho kina safu tano tu. Tuliogopa kwamba Bibi Shamba ataondoka na ya sita. Wiki iliyopita afisa mpya, Bwana Dastan, alifika kwa Mzee Melkiory. Alijaza zile tano, akazima kishikwambi, kisha akatoa daftari na rula. "Haya, mzee, mmeamkaje?"

Aliandika: "Wanakula mara tatu. Leo ndizi na maharage."

Asante sana, Bibi Shamba. Pumzika kwa furaha, na afya yako iwe njema. Asubuhi tukipita kwako kwenda shule tutakuamkia, tutakuuliza umeamkaje, na jibu lako tutaliandika.