Ivishe Kabla Hujaiamsha: Risala ya Darasa la Kompyuta la Alasiri

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma za Jamii. Mwenyekiti wetu wa mtaa. Mwalimu wetu mpendwa. Na majirani mliosimama madirishani kwa kukosa viti:

UKARIBISHO

Karibu, mgeni wetu! Sogea, sogea mbele, nafasi ipo! Kiti hiki ni chako, hakina mwenyewe na hakina bei. Tazama utakacho, shika utakacho, uliza utakacho, kuuliza ni bure! Tumekupokea kwa mikono miwili.

Mgeni rasmi, maneno hayo ya kukukaribisha si ya msomaji wako. Mwenyewe tutamtaja baadaye. Anayekusomea ni muuza mkaa wa hapo kona, ambaye ndiye katibu wa darasa. Usiwe na wasiwasi na karatasi utakayokabidhiwa, ameshanawa mikono.

TULIKOTOKA

Darasa hili lilianzishwa na mwalimu wetu alipostaafu kufundisha sekondari. Wenzake walikwenda kupumzika, yeye akaja ofisini kwako kuomba kompyuta kuukuu zilizokuwa zimelala stoo. Ofisi yako ilimpa, na hatujasahau. Wanafunzi ndio sisi unaotuona: kinyozi, fundi cherehani, mkunga mstaafu, wapishi, na wengine ambao tangu tuache kukaa dawatini tumeshaitwa babu na bibi.

Chumba hiki asubuhi ni cha watoto wadogo ambao mama zao wako kazini. Na mtoto hawezi kuiona kibodi akaiacha salama. Mwanzoni tulikuwa tukifika tunakuta herufi zimenyofolewa, mausi moja imelambwa na nyingine imeogeshwa kwenye ndoo. Mwalimu hakumfokea mlezi wa watoto. Aliweka utaratibu: tukimaliza somo, kila mtu anachomoa kibodi na mausi yake na kuzifungia kabatini, na akirudi anaanza kwa kuzichomeka. Sisi tunaita kuvua na kuvisha.

Sasa, mashine zetu ni za zamani. Plagi zake ni za duara. Ya zambarau ni ya kibodi na ya kijani ni ya mausi. Tena zina tabia yao moja: ukiiwasha mashine kabla hujazichomeka, haizitambui tena. Skrini itawaka vizuri, itakuomba neno la siri, nawe utabonyeza mpaka kidole kife ganzi. Kibodi kimya. Mausi utaisugulisha meza nzima, na mshale umeganda palepale.

Hilo tulilijua kwa kuumbuka. Siku ya kwanza ya utaratibu mpya, karibu darasa zima tuliwasha kwanza kwa pupa, ndipo tukachomeka. Tukadhani tumeua mali ya umma. Mkunga peke yake ndiye aliyetulia. Alisema, "Huyu hajafa jamani. Huyu amezaliwa, bado tu hajalia."

Mwalimu alicheka, kisha akaweka mikono nyuma. Ndiyo kawaida yake, hajawahi kugusa mashine ya mwanafunzi hata siku moja. Akauliza, "Taa za kibodi zinawaka?"

"Haziwaki, mwalimu."

"Basi zima kabisa. Chomoa na waya wa umeme. Bonyeza kitufe cha kuwashia, kishikilie kidogo, umeme uliobaki ndani uishe. Sasa tazama rangi. Zambarau kwa zambarau, kijani kwa kijani. Ikikataa, izungushe taratibu, usilazimishe. Umeshaivisha? Rudisha umeme. Haya, iamshe."

Taa za kibodi zikapepesa, na chumba kizima kikapiga makofi. Aliyekaa kimya ni kinyozi, kwa sababu alikuwa ameishindilia mausi kwenye tundu la kibodi na kupinda kipini kimoja cha plagi. Kesho yake alikuja na kibanio chake cha kung'olea ndevu, akakinyoosha mwenyewe, mwalimu amesimama mgongoni kwake mikono nyuma, jasho linamtoka kuliko mwenye kazi. Angeweza kumpokonya akakinyoosha yeye. Hakumpokonya. Tunampenda sana mwalimu huyu, mgeni rasmi, na tunalisema mbele yake akisikia.

MAFANIKIO

Fundi cherehani sasa anaandika mwenyewe maombi ya kushona sare za shule, na ameshapata kazi mbili. Mkunga anawasiliana na mwanawe aliye ng'ambo bila kumwomba mtu amsomee, kwa hiyo siri zao hatuzijui tena, na hilo wengine limetuuma.

Lakini fahari yetu kubwa ni mnadi. Nyote mnamjua, ndiye aliyekuwa akinadi nguo sokoni na sauti yake ikasikika mpaka kituo cha basi. Alipopatwa na kiharusi, sauti ilikwenda na mkono wa kulia ukalala. Wa kushoto unatetemeka, kalamu haikai. Mkewe alimleta hapa akatuambia, "Nyumbani ananitazama tu. Najua ana maneno, ila hayatoki." Mwalimu alimkalisha kwenye mashine ya dirishani, akaweka mikono nyuma, akasubiri. Alasiri nzima ilipita. Mwisho, kwa kidole kimoja, mnadi aliandika: MKE WANGU CHAI YAKO HAINA SUKARI TANGU MWAKA JANA. Mkewe alicheka huku analia, nasi tulilia naye.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, wakaguzi wako walifika asubuhi, saa ya watoto, sisi tukiwa makazini. Mlinzi wetu, kwa heshima yake, hakutaka wageni wasubiri. Aliwasha mashine zote kwanza, ndipo akaenda kutafuta ufunguo wa kabati. Kilichofuata unakijua, tumeshakueleza. Wakaguzi walibonyeza, wakasugua, wakaandika kwamba vifaa vyote havifanyi kazi na darasa lifungwe, chumba kiwe stoo. Kila mashine ikabandikwa karatasi nyekundu.

Hatuwalaumu, maana kosa hilo tulilifanya sisi kabla yao. Na mlinzi tunaomba asisemwe, tayari amekonda. Ila tumeliona lori lililoongozana na msafara wako, na dereva wake ameshafungua mlango wa nyuma.

MAOMBI

Sehemu hii katika risala huwa ndefu kuliko zote. Tulikuwa tumeandika feni, viti na rangi ya ukuta. Tumeyafuta yote, tumebakiza ombi moja.

Mezani mbele yako kuna kitu kimefunikwa kitambaa cheupe. Pengine ulidhani ni zawadi. Ni kibodi na mausi za mashine ya dirishani, ambayo nayo ina karatasi nyekundu. Imezimwa, haijaguswa tangu jana. Tunakuomba uivishe kwa mkono wako mwenyewe, kisha uiamshe. Rangi umeshazijua. Mwalimu hatakusaidia, atasimama nyuma yako kama anavyosimama nyuma yetu.

Maneno ya kukukaribisha, yale ya mwanzo kabisa, aliyaandika mnadi kwenye mashine hiyo. "Mikono miwili" ni maneno yake, na tulipomtazama, aliandika kwamba wa pili atauazima kwa mkewe.

Jana tulimuuliza anataka kukuambia nini, ili tukiweke humu tukusomee. Alitikisa kichwa, akaandika: NITAMWAMBIA MWENYEWE.

Mungu akuzidishie afya na subira, awalinde walio nyumbani kwako, na akurudishe salama. Tunanyamaza sasa ili mnadi apate nafasi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Kompyuta la Alasiri