Mahindi Yanayoota Mvua

Jua la mchana lilikuwa limeulainisha mtaa mpaka kuku wakatembea kama waliosahau wanakokwenda. Kwenye benchi la Kinyozi, Baba Pacha alishika kikombe cha kahawa, macho yake kwenye shamba lake ng'ambo ya uchochoro. Majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja membamba kama mirija. Mvua iliyakimbia yakiwa kiunoni. Jirani muuza maziwa alitaka ayakate leo, yangali mabichi, awape ng'ombe. Naye angewaletea wale watoto pacha maziwa kila asubuhi mpaka msimu ujao. Au Baba Pacha angoje mvua: labda avune, labda akose vyote. Mkewe alikuwa amesema neno moja tu: "Amua."

— Usikate, alisema Kinyozi. Mmea una akili. Umejikunja ili jua lisiuone.

— Shamba zima, bwana? aliuliza Baba Pacha. Limejificha wapi?

— Yamelala hayo, akaingia Redio, fundi baiskeli aliyepewa jina hilo kwa kutozimika. Jana nilisimama pale nikayasikia yanapumua. Yanaota mvua. Ukiyakata sasa, ndoto inakatika, na mvua haitajua njia ya kuja.

Muuza kahawa akatikisa birika.

— Nyie mnaangalia juu tu. Mizizi imeshahama! Imepita chini kwa chini kutafuta maji. Saa hizi iko hapa chini ya benchi, inanyonya machicha ninayomwaga.

Redio akainua miguu. Baba Pacha hapendi upuuzi, lakini naye akajikuta kisigino kiko hewani, na kwa kitambo akahisi kweli kitu kinavuta taratibu kule chini, kama mtoto anyonyaye usingizini.

— Kama inakunywa kahawa, basi hayo mahindi hayajalala, akasema Kinyozi.

Walikuwa bado wanacheka muuza maziwa alipofika, panga limefungwa kwenye gunia.

— Hamjambo. Baba Pacha, kwani ndevu za mahindi zimeshatoka?

Kicheko kikakauka. Kinyozi akamtazama Redio, Redio akaitazama birika. Walikuwa wanalitazama shamba lile kutwa, na hakuna aliyevuka uchochoro.

Baba Pacha akainuka. Akaingia kati ya mistari, joto likimfunika kama blanketi, akamenya hindi changa. Ndevu zilikuwa bado ndani, fupi, nyeupe. Akalipigapiga ua la juu. Siku chache nyuma unga wa njano wa kuchavushia ungemmwagikia mabegani. Sasa zilidondoka punje za makapi tu. Unga umekwisha, na ndevu hazijaja kuupokea.

— Mvua ikija kesho je? aliuliza Redio kutoka mbali, kwa sauti ndogo.

— Itakuta magunzi yenye punje mbili tatu, alijibu Baba Pacha, akamgeukia muuza maziwa. Dada, ukisubiri wiki?

— Wiki ijayo ni kuni, kaka. Na ng'ombe wangu si jiko.

Upepo ukapita, shamba zima likanong'ona.

— Kata, alisema Baba Pacha.

Bua la kwanza lilianguka bila kishindo. Baba Pacha aliliokota, akalikunjua jani moja kwa vidole, polepole, kama anayemvua nguo mtoto aliyesinzia. Ndani lilikuwa bado kijani.

Panga likasita.

— Endelea, dada, alisema. Usinitazame mimi.