Mtama Uliotiwa Dawa

Pale Nachingwea, mradi wa karanga ulipokwisha kufa, wenye kwao walirudi kwao, na wasio na pa kwenda wakabaki kwenye benchi la kahawa jirani na stesheni. Asubuhi ile Mbaruku alifika hana hamu hata ya kikombe. Mtama wake uliingiwa na dumuzi, akauchanganya na unga wa dawa aliopewa na jamaa wa ghala la mradi. Dumuzi wakafa. Jana kuku waliodonoa pumba zake wakafa nao. Nyumbani hapakuwa na chakula kingine, na mkewe Mwamini alikuwa ananyonyesha. Akawaeleza wenzake yote, akawauliza kama mtama ule unalika.

— Kuku wamekufa kwa mdondo tu, alisema Mikidadi, waliyemwita Trekta kwa sababu aliwahi kuendesha moja likamfia porini. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Kamba inaingiaje, Trekta? Kuku wangu mwenyewe!

— Ndiyo hapo ujue.

Gaudens, mpishi wa zamani wa mapadri, waliyemwita Misheni, akadakia:

— Dawa ile Wazungu wanajipaka kichwani kuua chawa. Dawa ya moto ni moto, bwana. Imeua dumuzi, itaua na minyoo tumboni mwako.

— Ukiizoea, Trekta akaongeza, mbu akikuuma anakufa yeye. Hata nyoka!

Wakacheka. Mbaruku hakucheka.

— Kwa hiyo nile?

— Kula kidogo kidogo, alisema Misheni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hicho kibaba ndicho ninachokiogopa.

Mwanamke mmoja wa Naipingo, Teodosia, alikuwa akipita na kikapu chake. Aliposikia, akasimama.

— Samahani, baba zangu. Na mimi mtama wangu nimeutia dawa. Kiasi gani hakimdhuru mtu?

Trekta akainamia kikombe.

— Kamuulize bwana shamba, alisema Misheni.

— Ndiko nitokako. Kasema niuoshe vizuri. Nikamuuliza, vizuri ndiyo vipi? Kasema hata yeye hakuambiwa.

Teodosia akangoja, akajitwika kikapu, akaenda zake.

Mbaruku alipofika nyumbani, ugali wa mtama ule ulikuwa umekwisha songwa.

— Wamesemaje? Mwamini aliuliza.

— Hakuna ajuaye. Nitatangulia mimi. Wewe ngoja mpaka jioni.

Akamega tonge, akameza. Mtoto akaanza kulia, akalishika titi, akalikuta kavu, akaliachia, akalia tena. Mwamini alimtazama mumewe, kisha akanawa mikono, akausogelea ugali.