Mama Bado na Tumbo Lisilotoa Damu

Kosa la watu wengi, wakiwamo wenzetu wenye shahada ukutani, ni kudhani kwamba tumbo lililopigwa bila kuchanika ni tumbo lililosalimika. Mtu kabanwa na usukani au kaangukia mpini wa baiskeli. Ngozi nzima, damu hakuna, anatembea mwenyewe na kuomba maji. Tunampa pole na vidonge vya maumivu, anakwenda zake. Daktari bingwa wa upasuaji anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, ameitumikia hospitali yetu miaka thelathini na mmoja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumia kupigana na kosa hilo moja.

Jina lake liko kwenye kibao cha mlango wa ofisi, ila ni wachache wanaolitumia. Kwetu sisi ni Mama Bado. Ukimuuliza kama mgonjwa aliyegongwa tumboni aruhusiwe, jibu lake ni hilo hilo: bado. Madaktari vijana walimpachika jina kwa siri, wakidhani hatajua. Alipojua, hakukunja uso. Alisema, “Afadhali Mama Bado kuliko Mama Pole,” akaendelea kunawa mikono.

Alianza kazi akiwa daktari wa kawaida, akapangiwa chumba cha kufungia vidonda mwisho wa korido, chenye dirisha lisilofungika. Akaenda kusomea upasuaji, akarudi, dirisha akalikuta vilevile. Alilifunga mwenyewe kwa uzi wa kushonea ngozi. Jengo lile lilipobomolewa miaka mingi baadaye, mafundi walilazimika kutafuta mkasi.

Kwa kuwa jarida hili husomwa pia na wenzetu wa jikoni, wa ufuaji na wa uhasibu, nieleze kidogo. Kongosho ni kiungo laini, kirefu kama ulimi, kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo. Hutengeneza maji makali ya kumeng'enya chakula, na maji hayo hupita katika mrija mmoja mkuu hadi utumbo mwembamba. Pigo zito likitoka mbele, kongosho hubanwa kwenye mfupa kama nyanya iliyokanyagwa juu ya jiwe. Mrija ukikatika, maji yaliyokusudiwa kumeng'enya chakula huanza kummeng'enya mwenye tumbo. Ubaya wake ni kwamba kongosho halipigi kelele mapema. Saa za mwanzo tumbo huweza kuwa laini, kipimo cha damu kikawa cha kawaida, na kila mtu akaridhika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mkamuaji mmoja wa ng'ombe, miaka ile ambayo bado hatukuwa na mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili. Alipigwa teke asubuhi, juu kidogo ya kitovu, akaletwa na mkewe. Daktari wa zamu alimpima kama inavyotakiwa: tumbo laini, altrasaundi safi, damu safi. Ruhusa ikaandikwa. Mama Bado alipita, akaweka kiganja chake tumboni kwa muda, akasema neno lake.

“Daktari, mimi mzima,” mkamuaji akalalamika. “Na ng'ombe hawajui ‘bado’ ni nini. Wakijaa watalia mpaka majirani waje juu.”

“Lala hapo, baba watoto,” mkewe akamkata. “Ng'ombe nitawakamua mimi. Na huyo aliyekupiga nitamshukuru kwanza. Kukulaza kitandani mchana mimi nimeshindwa tangu tuoane.”

Wodi nzima ikacheka, mkamuaji akacheka zaidi, ila akishika mbavu. Mama Bado hakumwachia mtu mwingine kazi ya kurudi. Alikuwa na sharti kwamba mkono uliopapasa mwanzo ndio upapase tena, kwa sababu mkono wa mgeni hauna cha kulinganisha. Alirudi kabla ya chakula cha mchana, akarudi tena baada yake. Mara hii ya mwisho mkamuaji alikuwa amejikunja kitandani. Mkewe alimtania, hakucheka. Maumivu yalikuwa yamehamia mgongoni, moyo unakwenda mbio, na kipimo cha damu kilichorudiwa kikaonyesha kimeng'enya cha kongosho kimepanda mara kadhaa.

Mkewe aliuliza swali moja tu: “Atapona?”

“Sijui, dada yangu. Nitakwambia nikitoka.”

Mimi ndiye niliyempa mkamuaji dawa ya usingizi chumba cha upasuaji, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona. Tumbo lilipofunguliwa, mshipa mdogo kwenye utando wa utumbo ulikuwa umechanika na kuvuja damu. Ukafungwa. Daktari msaidizi alishusha pumzi: “Mwizi tumempata.”

“Tumempata mmoja,” Mama Bado akasema. “Chumba cha nyuma hatujaingia.”

Hapa ndipo wapasuaji wazuri hukosea. Wakipata jeraha la kwanza, huona kazi imekwisha, wakashona na kufunga. Yeye alipasua utando unaoning'inia chini ya mfuko wa chakula, akauinua mfuko huo, akatazama nyuma. Kongosho lilikuwa limekatika karibu vipande viwili, upande wa kushoto wa uti wa mgongo, na mrija mkuu umekatika nalo. Mtu yule angerudishwa nyumbani, au angefungwa na jeraha lile ndani, tungemzika.

Kipande cha mkiani, ile ncha ya kushoto, kilibidi kitolewe. Bandama imeshikamana nacho, na njia ya haraka ni kuviondoa vyote pamoja. Lakini bandama humkinga mtu na maradhi makali maisha yake yote. Aliniuliza kama presha inastahimili. Nikamjibu inastahimili. Basi akakaa kufunga vishipa kimoja kimoja, bandama ikabaki. Mrija ukashonwa, mpira wa kutolea maji ukawekwa. Ulivuja kwa majuma kadhaa, kisha ukakauka, mkamuaji akaenda nyumbani kwa miguu yake. Mkewe alikuja kutuambia kwamba ng'ombe sasa wanamkataa mume, wamemzoea yeye.

Kutokana na tukio hilo tulipata kitanda cha uangalizi kando ya mapokezi ya dharura. Utawala ulinung'unika kwamba wagonjwa hawana pa kulala, naye analaza wazima. Aliwaalika waje wakae naye zamu moja. Hawakuja, kitanda kikabaki.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa kukata tu. Kongosho lililochubuka bila mrija kukatika, aliliwekea mpira na kuliacha. Jeraha la upande wa kichwa cha kongosho, ule unaogusa utumbo, mgonjwa akiwa amepoteza damu nyingi, alizuia damu, akaweka mipira, akatoka, akangoja mgonjwa apate nguvu. Vijana waliotaka kumaliza yote siku hiyo hiyo aliwaambia tumbo si shamba la kupalilia likaisha kabla ya mvua.

Kasoro anazo. Mikutanoni huchelewa, gari huliegesha upande upande, na chai yake haijawahi kunyweka ikiwa moto. Huimba akishona, na tuseme ukweli, uimbaji ule unahitaji mgonjwa aliyelala fofofo.

Mama Bado, tunakushukuru kwa wagonjwa waliorudi kwao na kwa wapasuaji uliowalea. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, wajukuu wakuchoshe kidogo, na chai uinywe ingali na mvuke.

Nawe unayebaki kazini: leo, kabla hujasaini ruhusa ya mgonjwa yeyote aliyepigwa tumboni, rudi kitandani kwake, mlaze chali, umpapase upya kwa mkono wako mwenyewe.